Alhamdu ya Mama

Bagamoyo, 9 Februari 2024

Wifi Rukaya,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Salamu nimekupa kwa sababu mama mkwe alinifundisha kwamba salamu hainyimwi mtu, lakini hasira ninazo, tena tele. Huku sisi wazima. Kaka yako Mikidadi kikohozi kimepoa, watoto wanakwenda shule. Nyie Pangani hamjambo?

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu nikikupigia simu nitakutukana.

Siku ya tatu ya msiba wa mama, wanawake wa mtaa mzima wamekaa mkekani, juzuu zinagawiwa, ukanitazama ukasema, "Na wewe Sophia, tusomee Alhamdu basi, tusikie." Mimi mjinga nikadhani unanipa heshima. Nikasoma. Sijafika hata katikati ukaangua kicheko: "Alhamdu ya Kikwere hiyo! Nyamaza, utamharibia mama hitima yake." Wenzako wakaziba midomo kwa khanga. Nikanyanyuka nikaenda uani kuosha masufuria.

Miaka miwili nimemuuguza mama yako. Nimemgeuza, nimemwogesha, nimemlisha uji kwa kijiko. Sikudai asante. Lakini tangu siku ile nikisimama kwenye mswala, nikitia nia, nikifungua mdomo, nakusikia wewe unacheka. Nashuka mswalani bila kuswali. Wiki ya pili hii sijaswali, wifi. Mbele ya Mungu utalijibu hilo wewe.

Wifi yako,
Sophia


Pangani, 20 Februari 2024

Sophia,

Waalaykum salaam. Marahaba. Sisi hatujambo, joto tu linatumaliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekasirika. Mimi nijibu mbele ya Mungu kwa ajili ya sala zako? Ulisilimu kwa hiari yako, hakuna aliyekushika mkono. Sala haiachwi kwa sababu mtu kacheka. Kama umeiacha kwa ajili yangu, basi hukuwahi kuishika.

Na Alhamdu sifuti neno. Kila rakaa ina Alhamdu. Ikiharibika hiyo, sala nzima inayumba. Unasema "Lahmani", unasema "Lahimi", mbele ya watu wanaojua kusoma, ulitaka tupige makofi? Nyie Wakwere wa Lugoba r na l kwenu kitu kimoja, nalijua hilo, lakini Kitabu cha Mungu si gulio. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa msomaji. Kabla ya kuugua akisoma Maulidi watu walikuwa wanalia. Nilipokusikia unaikatakata Alhamdu msibani kwake, nilitaka kulia, nikacheka. Tafuta mwalimu.

Tena usinihesabie uji. Kila Idi nilikuwa nakuja.

Wifi yako,
Rukaya


Bagamoyo, 26 Februari 2024

Wifi Rukaya,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Sisi wazima, na nyie Mungu awape uzima. Sasa soma taratibu.

Jina lako naliitaje? Rukaya. Kwa r. Mwaka wa tisa huu niko kwenu, umewahi kunisikia nikikuita Lukaya? Redio naiitaje? Ramadhani je? Ulimi wangu hauna kasoro, wifi. Ulimi ulioucheka ni wa mama yako.

Kiharusi kilipompata, mdomo ulipinda, r ikampotea kabisa. Kwenye simu alikataa kuongea, akiona aibu. Ukija Idi alitikisa kichwa tu, ukadhani kachoka. Alikuwa anaongea na mimi peke yangu. Na mimi nilikuwa Mwislamu wa miaka saba nisiyejua kitu. Nilitamkishwa shahada siku moja kabla ya ndoa, watu wakala pilau, wakanawa, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kuniuliza kama najua hata kutawadha. Wewe uliniuliza?

Aliyeniuliza ni mama, akiwa kitandani. Hakuanza na herufi, alianza na maji. Nilikuwa namtawadhisha kwa sababu mkono mmoja umekufa, naye kila kiungo nikikiosha ananiuliza mimi: "Chako hiki leo kimefanya nini?" Mkono umempiga mtoto? Mdomo umemsengenya nani? Ikabidi niseme. Siku nyingine nililia mpaka maji yakapoa. Kisha akanifundisha nia. Akasema nia haina haja ya Kiarabu, iko moyoni, na Mungu Kikwere anakijua. Halafu ndiyo Alhamdu, neno kwa neno, mate yanamtoka, mimi nayafuta, yeye anarudia. Nilipokea kila alichotoa kama alivyokitoa. Spika ya msikiti nilikuwa naisikia ikisema vingine, nikaona wanaume wana usomaji wao.

Sasa cheka tena.

Wifi yako,
Sophia


Pangani, 3 Julai 2024

Wifi Sophia,

Assalaam alaykum. Hujambo? Watoto je, na Mikidadi?

Miezi minne sijakujibu. Barua yako niliichana, kisha nikaokota vipande nikaviunga kwa gundi. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Mikidadi kwa kutoniambia, nikamkasirikia mama kwa kunificha. Nikatafuta mwingine wa kumkasirikia, nikajikuta nimebaki mwenyewe. Kila Idi nilikaa pembeni ya kitanda chake saa nzima nikizungumza peke yangu, wala sikungoja anijibu. Niwie radhi. Nilikukosea mbele ya watu, na nikija nitakuomba radhi mbele ya watu hao hao.

Nina ombi, ingawa uso wa kuomba sina. Simu yangu nimeipekua yote, sina sauti ya mama hata moja. Nisomee Alhamdu vile alivyokufundisha, ujirekodi, unitumie. Mara moja tu. Nataka kumsikia alivyokuwa ile miaka miwili.

Dada yako,
Rukaya


Bagamoyo, 19 Julai 2024

Wifi Rukaya,

Waalaykum salaam. Shikamoo. Sote wazima, tunamshukuru Mungu. Radhi ya barua nimeipokea. Ile ya mbele ya watu naingoja, usidhani nitaisahau.

Nimerudi kuswali, lakini usijipe hongera. Uliniambia nitafute mwalimu, nikampata: Bi Esha, anayewasomesha akina mama watu wazima alasiri hapa mtaani. Nilikwenda kwa hasira, nisome vizuri mpaka uone aibu. Siku ya kwanza aliniambia anayesoma kwa kukwama hapungukiwi na kitu kwa Mungu. Mimi nikakataa. Sikutaka kubaki na kosa hata moja utakalolisikia wewe. Miezi minne nimeng'ang'ania herufi moja hiyo hiyo, ulimi unauma. Sasa inatoka safi, hata Mikidadi hutulia akasikiliza.

Barua yako ilipofika nilijifungia chumbani na simu. Mara ya kwanza r ikatoka yenyewe. Mara ya pili nikailazimisha iwe l, nikasikika kama mtu anayemwigiza mgonjwa. Nikajaribu kupinda mdomo, nikajiona kwenye kioo cha kabati, nikaona haya. Nimerekodi mara kumi na moja na nimezifuta zote.

Sina cha kukutumia. Mama hayumo tena kinywani mwangu. Siku ile mkekani alikuwemo, wifi, na wewe ukaniambia ninyamaze.

Wifi yako,
Sophia