Nimenunua Mbuzi Kanisani

Riruta, Jumapili, Agosti 1956

Baridi kali, manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimekuwa mtu wa mbuzi. Amefungwa kwenye mguu wa kitanda, anatafuna pembe ya mkeka, na sina nguvu ya kumkataza.

Wacha niandike sasa hivi, kabla hasira haijapoa nikaanza kujidanganya.

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kila mtu huleta kanisani alichojaliwa: kuku, viazi, mkungu wa ndizi, kiondo alichosuka mwenyewe. Baada ya ibada vitu hunadiwa pale nje, na pesa zote ni za kulitunza kanisa. Mwaka huu ni za paa. Mabati yametoboka upande wa kwaya na boriti mbili zimeliwa na mchwa, hata Padre ametukataza kukaa chini yake.

Sasa mnada wetu huwa hivi. Mzee Gathua, ambaye ni mzee wa kanisa, anataja bei. Watu wananyamaza. Katekista anahesabu moja, mbili, tatu, na kitu kinakuwa cha Mzee Gathua. Tunanyamaza kwa sababu nusu yetu tunapanga vyumba kwenye ploti yake, na Katekista naye anapanga hapo hapo. Kuku wa watu anamchukua kwa bei ya mayai. Mbuzi ndio usiseme, maana Mzee ana bucha soko la Dagoretti, na mbuzi wa mavuno ikifika Jumatatu ameshaning'inizwa. Paa linaendelea kuvuja, sisi tunaendelea kusogeza mabenchi.

Nakiri nimewahi kununua nyama ile, na nikaila nikijua. Miaka mitatu nimekaa kimya kama wengine.

Leo Mama Kariuki alileta mbuzi. Ni mjane, na huyo ndiye mbuzi wake wa pekee, jike jeupe lenye masikio meusi. Alimtoa kumshukuru Mungu kwa sababu mwanawe amerudi kutoka kizuizini mwezi wa sita, amekonda lakini mzima. Alimwingiza hadi mbele ya altare, kamba ameishika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nikilia na sikujificha.

Nje, Mzee Gathua akasema shilingi nane.

Nane! Mbuzi kama yule sokoni hapungui ishirini na tano. Nilimtazama Mama Kariuki, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Katekista akahesabu moja. Akahesabu mbili.

"Kumi," nikasema.

Ningependa kuandika kwamba ni Roho aliyeniinua. Hapana, ilikuwa hasira tupu. Watu waligeuka wakanitazama. Katekista akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nanunua kwa niaba ya Baba Rispa, mume wangu. Ni kweli hakuna mwanamke aliyewahi kutaja bei pale. Nikamjibu kwamba nanunua kwa pesa zangu, na zilikuwa zangu kweli, shilingi thelathini za kufua na kupiga pasi kwa Wazungu kule Kileleshwa, nimezifunga kwenye pindo la leso. Ni nauli ya kwenda kwetu Maragoli Desemba. Mama yangu hajamwona Rispa, na mtoto anaingia mwaka wa tatu.

Mzee akasema kumi na mbili. Nikasema kumi na tano. Akili yangu ilikuwa nimpandishe, nimpandishe, akifika bei ya haki nimwachie alipe. Alipofika ishirini na saba nilitakiwa ninyamaze. Lakini alikuwa ananitazama anavyotazama watu siku ya kodi, na mdomo wangu ukasema ishirini na nane.

Mzee akacheka, akakunja mikono. Katekista akahesabu hadi tatu.

Nilifungua leso mbele ya watu wote, nikahesabu pesa, nikakabidhiwa kamba. Mama Kariuki alinishika mkono akaninong'oneza kwamba mbuzi ana mimba.

Halafu ukaja mkungu wa ndizi. Mzee akasema shilingi moja kama kawaida yake. Kutoka nyuma fundi wa viatu, ambaye chumba chake kimepakana na chetu, akasema mbili. Mwingine akasema mbili na nusu. Tangu hapo hakuna kitu kilichoondoka bei ya bure. Hata Katekista aliposhika boga alijitajia bei mwenyewe, watu wakacheka mpaka Padre akacheka. Mzee Gathua alinunua gunia la viazi kwa bei ya viazi. Padre akatangaza kwamba boriti mbili na mabati ya upande wa kwaya yamepatikana.

Jioni Mzee alikuja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mama Rispa, hiyo mbuzi haiwezi lala kwa ploti yangu. Niuzie nane, tusahau hii maneno. Ukikataa, mwisho wa mwezi nataka chumba yangu."

"Mzee, nane ilikataliwa kanisani," nikamwambia. "Hata hapa nimekataa."

Aliondoka bila kuaga.

Baba Rispa alikuwa amekaa kitandani, kichwa mikononi. Si mwoga yeye. Ni tarishi mjini, anajua jinsi chumba kilivyo kigumu kupata siku hizi za Hali ya Hatari, barua ya mwajiri huku, pasi ya serikali kule, na tulishawahi kunyeshewa na mizigo kichwani. Akaniomba niende niombe radhi mbele ya wazee. Nikamwambia siendi. Akasema basi tumpeleke mbuzi sokoni turudishe nauli. Nikamuuliza wachinjaji wa soko lile ni watu wa nani. Mbuzi angeishia kwenye bucha ile ile, na Mama Kariuki hupita pale kila siku.

"Kichwa chako kigumu, Mama Rispa," akasema, akavaa koti akatoka.

Nilidhani amekwenda kuniombea radhi yeye. Amerudi ameloa, amebeba majani ya viazi vitamu kutoka shamba la Mama Kariuki. Ameyaweka mbele ya mbuzi, akageukia ukutani akalala.

Naogopa. Naandika wazi kwamba naogopa. Nina aibu pia kwa mama yangu, ambaye nitalazimika kumwandikia kwamba mwaka huu hatuji, na sijui nitaielezaje nauli iliyogeuka mbuzi.

Lakini radhi siombi. Niliuziwa mbele ya kanisa zima, nikalipa pale pale, na paa litazibwa. Anayedai nimemkosea anieleze nimemwibia nini.

Kesho nikitoka kufua nitapitia Kangemi kutafuta chumba. Nitauliza kodi, nitauliza maji yanatoka wapi. Ila kwanza nitauliza kama wanakubali mbuzi.