Viwashio vya Baba

Shikamoo dada,

Habari za huko na kazi? Shemeji hajambo? Kikohozi cha mtoto kimepona? Sisi tunapumua. Baba angekusalimu, kama angekuwa anaongea na mtu.

Usishtuke, yuko hai. Nimetaka tu upate habari hizi kwangu kabla hujazisikia kwa wengine.

Unajua tangu aache kutengeneza redio amekuwa mtu wa roketi, zile ndogo za karatasi ngumu wanazorusha uwanjani na wastaafu wenzake. Injini wananunua, ila viwashio vya kuziwasha kwa umeme anatengeneza mwenyewe: vijiwaya vyembamba kama unywele, ncha amezichovya kwenye dawa yake ya kushika moto, amevianika meza nzima ya chakula. Sisi tunakula tumepakata sahani. Nami kazi yangu, dada, ni kuuguza walioungua. Kila nikiiona meza ile nawakumbuka wagonjwa wangu. Nilimsihi aache, akacheka, akasema kiwashio chake hakijawahi kumwangusha.

Jumamosi nilifuatana naye. Alipachika kiwashio, akaunganisha nyaya, sote tukarudi nyuma. Akahesabu, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Rafiki yake, yule tunayemwita Mwalimu, akamtania kwamba labda roketi nayo imestaafu. Baba hakucheka. Akachomoa ufunguo wa swichi, akasubiri dakika nzima kwa saa yake kama kanuni yao inavyotaka, halafu akaanza kuiendea.

Nilitaka kupiga kelele asiende. Mdomo ukawa mzito. Alipoinama tu, ikafyatuka.

Kiganja cha kulia kimeungua, na nyusi hana tena. Macho ni mazima. Nimeyaangalia mwenyewe mara tatu. Lakini tulipofika nyumbani alikumba vyote vya mezani akavitia kwenye ndoo, akasema mikono yake imezeeka, haifai hata kushika kijiko. Siku nne hakutoka chumbani.

Dada, haikuwa mikono yake. Ijumaa, alipokuwa anaoga, nilikichukua kiwashio alichokwisha kukitenga kwa ajili ya kesho yake, nikakilegeza waya na kupangusa dawa kidogo. Nilitaka kigome, aone haya mbele ya wenzake, achoke na mchezo huo. Sikujua kingefuka polepole ndani kwa ndani mpaka kuiwasha injini. Na pale uwanjani nilijua kwa nini kimegoma, nikanyamaza nisije nikajulikana.

Leo asubuhi, nikimbadilishia bendeji, nilimwambia. Aliutazama mkono wake mpaka nikamaliza kufunga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikitengeneza sawasawa?"

Nikamwambia ndiyo, sawasawa kabisa.

Akainuka, akaimwaga ndoo mezani, akaanza kuvichambua vijiwaya kwa mkono wa kushoto. Nilipotaka kumsaidia, akaniambia nisiguse. Ndilo neno lake la mwisho kwangu mpaka sasa.

Mpigie simu, dada, wala usinitetee. Msalimie shemeji, mkumbatie mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba