Kikohozi Kinafutwa Ubaoni

Chumba cha uani,
Kwa mwanangu.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Msomi,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Shemeji je, mguu wake umepona? Sisi huku hatujambo, mimi zaidi ya wote. Wenzangu wa rika langu wanatembelea fimbo, mimi bado nafungua geti la chuma kwa mkono mmoja. Mwandiko usiucheke, nimeandika mwenyewe, sikumwomba mtu.

Kifua tu kilinisumbua kidogo. Daktari, kijana wa juzi, akanipa dawa ya chupa, chungu sijapata kuona.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Unaijua kampuni ya ulinzi ya mwanangu, Kikohozi Ulinzi. Jina liko kwenye magari, kwenye kofia, na kwenye ubao mkubwa hapa getini. Watu wakisoma hucheka, wengine huingia ofisini kuulizia dawa. Hawajui. Wewe unajua, maana ndiwe uliyelala stoo ya lile duka nililolinda, ukisomea mitihani. Kila nilipofika kona ya nyuma nilikohoa, mwizi ajue kuna mtu, na aliyelala ajue niko macho. Asubuhi moja ukaniambia, "Kaka, nikisikia kikohozi chako ndipo usingizi unanijia." Neno hilo nilimsimulia mwanangu tangu hajaota meno, naye alipofungua kampuni akaipa jina. Walinzi wake wote hufundishwa kukohoa konani. Kampuni gani nyingine ina hilo? Hakuna!

Basi kuna tajiri mmoja wa maghala, kasema yeye hawezi kulindwa na ugonjwa. Mwanangu kanywea. Ati jina jipya ni Ngao Imara. Ngao! Nani amewahi kupata usingizi kwa sauti ya ngao? Nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu kwa upole, "Baba, siku hizi tunafunga kamera, na kamera hazikohoi." Angekuwa mkali ningemweza. Upole ule ndio ulionimaliza.

Jana fundi rangi akaja, akapanda ngazi, akaanza kufuta. Nikatoka, nikasimama chini yake nikakohoa, kile chenyewe, cha konani. Fundi hata hakugeuka. Mwanangu ndiye aliyetoka ofisini mbio, roho juu. Nikasema moyoni, kumbe damu yangu bado inasikia. Akanishika bega: "Baba, dawa umekunywa?" Akanirudisha chumbani, akanimiminia kijiko mwenyewe. Nikameza. Ningefanya nini?

Mpigie simu. Wewe ni baba yake mdogo, na umesoma, wewe atakusikiliza. Najua barua hii ikikufikia rangi itakuwa imeshakauka. Mpigie tu.

Nisalimie shemeji, na yule mwanao mrefu, na shangazi, mwambie meno yangu yote yapo. Mungu awape usingizi mzuri huko mliko, maana mimi sina tena cha kuwapa. Dawa inafanya kazi, mdogo wangu. Kifua kimenyamaza kabisa.

Wako akupendaye, na bado niko macho,
Kaka yako, Mlinzi.