Kona ya Shimo la Saba

Makiso, Kisangani, 9 Machi 2025

Papa yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo umetulia na kwamba wote hapo Basoko mko wazima. Mimi mwili uko salama.

Papa, kaa kwanza, halafu usome. Dada yako, Shangazi Aziza, yuko hospitalini. Anaongea, anakula, lakini daktari amesema jicho la kushoto halitaona tena. Alipigwa na mpira wa gofu Jumanne, akitoka shambani na mzigo wa sombe, majani ya muhogo, kichwani.

Ni kwenye ule uwanja tunaoutengeneza msituni, ambao nilikuandikia kwa majivuno kwamba ramani yake nimeichora mimi. Shimo la saba ndilo lililosifiwa kuliko yote. Miti imebana pande zote mbili, na katikati njia ya kuchezea inapinda ghafla kushoto, kwa hiyo anayepiga haioni bendera ya shimo. Ama apige mpira mfupi hadi kwenye kona, ama ajasirie kuupitisha juu ya miti. Franck, mkuu wetu, alisema shimo hilo linapima moyo wa mchezaji.

Eddy, mwalimu mmoja aliyealikwa kujaribu uwanja, alipiga juu ya miti. Tukasikia ukelele. Tangu siku hiyo watu wa mtaa wa Shangazi wanamtafuta, amejifungia nyumbani. Franck ameandika ripoti kwamba Eddy alicheza ovyo, na kwamba hakuna aliyejua kuwa watu wanapita pale. Aliniletea niweke sahihi. Bon, nikaiweka.

Papa, mimi nilijua. Nyuma ya kona kuna njia ya mashamba. Nilipokuwa mtoto Shangazi alinipitisha humo kila likizo. Kama ningeichora, wangeniambia niondoe kona, na shimo langu lingenyooka kama mengine. Nikaiacha nje ya ramani kusudi nisifiwe.

Leo nimemwambia Shangazi. Akasema: "Alors, Rachida, ule mutu iko anaogopa bure. Enda kwake kwanza."

Nimetoka kwa Eddy sasa hivi. Hakufungua, nilimweleza yote kupitia mlangoni, nikamsikia analia. Kesho nitamwambia Franck kwamba naikana sahihi yangu. Kazi itakwisha, labda na mengine yatafuata.

Usiniombee msamaha kwa dada yako. Nilimuuliza kama atanisamehe, akageukia ukuta.

Unisalimie mama na wadogo zangu wote.

Ni mimi binti yako,
Rachida