Kamati Mbili za Mikoko ya Kaole

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kifua kimebana tangu alfajiri. Daktari anasema nipumzike. Si nitapumzika sana tu!

Rukaya, binti yangu, kaja na habari. Shirika la Bahari na Shirika la Misitu wametia saini ushirikiano. Alhamisi wanakuja pamoja, wakutane na kamati zetu mbili za mikoko, wazifundishe kushirikiana.

Kushirikiana! Nimecheka mpaka nikakosa pumzi.

Jumanne, 4 Februari
Niandike kabla sijafa. Kamati ni moja. Watu wa Bahari walikuja kwanza: mkoko ni wa bahari. Kisha wa Misitu: mkoko ni mti. Kila mmoja akakataa kusaidia kamati yenye mfadhili mwingine. Wao kwa wao hata salamu hawakupeana! Basi nikaunda ya pili kwa watu walewale. Mume wangu Mwinjuma mwenyekiti kwa Bahari, mimi kwa Misitu. Fulana za buluu, fulana za kijani. Hapa pwani palikuwa tope na visiki. Leo ni msitu, kaa wamerudi.

Nilidanganya, mimi mwalimu. Nitamjibu Mola. Wao, hapana.

Jumatano, 5 Februari
Mwinjuma ana mpango: nusu wavae buluu, nusu kijani, tusijuane. Eti atanipa mkono na kuniuliza jina. Mume niliyemzalia watoto sita!

"Tukiropoka wataondoka wote, mama Rukaya. Wakata mikoko watarudi na mashoka."

Rukaya akaweka sufuria chini. "Kwa hiyo baba, kesho mimi mtoto wa nani?"

 Kiti changu cha uenyekiti atakirithi Rukaya. Uongo wangu, hapana — nakwenda nao.

Alhamisi, 6 Februari
Wamefika. Kwa magari mawili, bila shaka! Nimebebwa nikiwa nimeketi kitini. Fulana ya kijani juu, ya buluu ndani. Naandika hapahapa, wanadhani ni muhtasari wa kikao.

Mama mmoja wa Misitu kaniamkia vizuri, kisha kupitia mkalimani kauliza kama nimewahi kukutana na mwenyekiti wa upande wa pili. Mwinjuma kaangalia chini.

Nikasema, "Ndiye aliyenikanda miguu jana usiku, mwanangu."

Mkalimani kakohoa. Hajatafsiri bado. Wa Bahari wanamtazama, wa Misitu wanamtazama. Nimemwambia atafsiri yote, asipunguze. Rukaya kanishika mkono niinuke, nivue hii ya juu —