Neno Lililobaki Kwenye Simu

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Natumaini goti lako limeanza kukutii, na kwamba umeacha kupanda ngazi kwa ubishi kama binti yangu anavyonisimulia. Mimi ni mzima, ila usingizi wangu si wa kusifiwa. Nakuandikia kwa kalamu, na sababu yake utaiona.

Ile kompyuta yangu ya mezani, niliyosahihishia miswada ya kiwanda cha uchapaji kwa miaka kumi na minane, ilizimika mwezi uliopita na haikuwaka tena. Binti yangu alikuja, akaitazama, akaguna. Alisema kwamba siku hizi hakuna anayejifungia chumbani na sanduku kama lile. Kazi yote imehamia mkononi. Akatoa kabatini simu ya marehemu mama yake, iliyokuwa imezimwa tangu mazishi, akaniwekea programu mpya ya kusahihishia miswada. Nilipouliza tofauti iko wapi, alinijibu kwamba kompyuta ilikuwa haimjui hata aliyekaa mbele yake, lakini simu humsoma mtu ikajua neno lake kabla hajaliandika.

Sikumwelewa hadi nilipomwita fundi bomba kwa sababu ya sinki la jikoni. Niliandika "Njoo kesho asubuhi". Simu ikabadilisha, ikapeleka "Kuja kesho asubuhi". Unajua ninavyolichukia kosa hilo. Fundi alifika akiwa amejaa kicheko, akasema kwamba mtaa mzima umeshapata habari: Bwana Nukta, kama wanavyoniita, naye ameteleza! Nilicheka naye, lakini alipoondoka nilirudi kuutazama ujumbe ule, kwa maana katika nyumba hii ni mtu mmoja tu aliyesema hivyo.

Kwa miaka thelathini na minne nilimsahihisha dada yako. Alikuwa akiniita mezani, "Wewe, kuja ule!", nami siinuki mpaka aseme "njoo". Mara nyingine alifanya makusudi, amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akinicheka.

Tangu siku ile, kila ninapogusa herufi, yuko hapo. Namwandikia meneja wa kiwanda, maneno matatu yanajitokeza juu ya herufi, na la katikati ni "kuja". Sijachanganyikiwa, shemeji. Najua ni mazoea ya vidole vyake tu, yamebaki humo ndani yakitembea. Hata hivyo naona haya kuandika mbele yake. Binti yangu anataka fundi wa simu afute kila kitu Jumatatu, ili simu ianze kunijua mimi. Ndiyo maana siwezi kuchelewa zaidi.

Siku ya mazishi uliniuliza kama dada yako aliacha neno lolote. Nilikujibu kwamba aliondoka ghafla, hakusema kitu. Nilikudanganya.

Siku ile, saa sita na dakika kumi mchana, nikiwa kiwandani, alinitumia ujumbe: "Kuja nyumbani sasa." Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Nikawaonyesha wenzangu wawili, tukacheka, kisha nikamjibu neno moja: "Sahihisha." Nikaitia simu yangu kwenye droo, nikaendelea na kurasa zangu hadi saa kumi. Daktari alisema moyo wake ulisimama kabla ya saa saba.

Jana ndipo nilipopata ujasiri wa kufungua ujumbe wetu katika simu yake. Chini ya jibu langu, kwenye nafasi ya kuandikia, pana neno ambalo hakuwahi kulituma: "Njoo". Halina kosa. Angeweza kumpigia jirani, yeye alinisahihishia.

Simu haitakwenda kwa fundi. Nimeifunga pamoja na barua hii, haijafutwa kitu, kwa kuwa ulistahili kujua tangu siku ile uliponiuliza. Binti yangu nitamwambia mwenyewe Jumapili, uso kwa uso, kabla hajayasikia kwako. Usinionee huruma katika majibu yako, na kama hutajibu, nitaelewa.

Wafikishie watoto salamu zangu, na Mungu akuponye goti.

Ni mimi,
aliyekuwa mume wa dada yako