Kidole Gumba cha Baba

Bombambili, Songea

Egidi wangu,

Wiki tatu za ndoa, na bado natabasamu hata nikifua mashati yako! Mahindi yameota vizuri. Mama yako alikuja jana.

Naungama, mume wangu. Kamera ya marehemu baba yako niliiona imechubuka, nikaipaka rangi nyeusi ya kucha ili ukirudi kutoka Tunduru uikute inang'aa. Mama akaishika, akaipapasa pembeni.

"Lidwina mwanangu, kidole gumba cha mzee wangu kiko wapi?"

Kumbe pale kidole chake ndicho kilichochubua rangi hadi shaba ya chini ikatokeza, kwa miaka thelathini ya kupiga picha harusi za watu! Nililia hadi Mama akanibembeleza.

Rudi uanze kuichubua upya, kwa kunipiga picha mimi.

Mkeo akupendaye mno,
Lidwina